Babu amekufa bila ubatizo kwa sababu ya wake wawili. Tumwombee misa?

Mjukuu_Walungu:
Ndugu zangu, hamjambo. Mimi niko Kadutu, Bukavu. Tumemzika babu kule Walungu, na kilio hakijaisha familia imeshaanza kugombana.

Muzee alisali kila Jumapili, benchi la nyuma, ila hakubatizwa. Zamani aliandikwa mkatekumeni, yaani anayejiandaa kubatizwa, akaambiwa abaki na mke mmoja, mwingine arudi kwao. Akakataa. Alikuwa anasema: "Nimfukuze mama wa watoto wangu ili mimi niende mbinguni?" Kadi yake ya ukatekumeni tumeikuta ndani ya kopo la maziwa ya unga, imekunjwa pamoja na risiti za kodi.

Shangazi anataka misa. Baba mdogo, ambaye ni wa kanisa la uamsho, anasema asiyebatizwa amekwisha hukumiwa, tena aliishi katika zinaa. Bibi mdogo, mke wa pili wa babu, alikuwa palepale anachambua sombe. Alisikia yote, akaendelea kuchambua.

Wenye kujua Maandiko, nisaidieni. Matusi ya madhehebu sitaki.

Katekista_Ibanda:
Pole sana, mwanangu. Misa inaruhusiwa. Kanuni ya 901 ya sheria ya Kanisa inampa padri uhuru wa kutolea misa mtu yeyote, mzima au marehemu. Na kwa upande wa mazishi, kanuni ya 1183 inamhesabu mkatekumeni pamoja na waamini. Sijui kama ukatekumeni wake ulifutwa, kwa hiyo peleka hiyo kadi kwa padri paroko.

Mwaka 392 kaisari Valentinian II alikufa kabla ya kubatizwa. Ambrose, askofu wa Milano, alihubiri kwenye mazishi yake kwamba alichokuwa amekiomba amekipata.

Mlokole_Bagira:
Mimi ni mlokole kama baba mdogo wako, na simuungi mkono. Warumi 2:14-15: Mataifa wasio na sheria ya Musa wana kazi ya sheria mioyoni mwao, dhamiri inawashuhudia, mawazo yao yanawashitaki au yanawatetea. Ila msiishie hapo. Sura ya 3 inawaweka wote chini ya dhambi, Wayahudi na Wayunani. Dhamiri ya babu haikumwokoa. Kama ameokoka, ni kwa Kristo. Na mstari wa 16 unasema Mungu ndiye atakayehukumu siri za wanadamu. Baba mdogo hakutajwa.

Msomaji_Goma:
Taratibu. Agustino, askofu na mwalimu wa Kanisa la kale, aliwaona hao Mataifa wa Warumi 2 kuwa ni watu waliokwisha kuamini. Msimkimbizie babu mstari huo haraka. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, mwaka 1964, unasema hivi: asiyemjua Kristo bila kosa lake, akamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kufuata dhamiri, anaweza kupata wokovu. Lakini babu alimjua Kristo! Alizuiwa na sharti.

Mama_Shirika:
Ndilo swali lenyewe, sharti. Matendo 15, mitume walikataa kuwatwika Mataifa tohara. Waliwaomba mambo manne tu: vilivyotolewa sadaka kwa sanamu, damu, vilivyonyongwa, na uasherati.

Mlokole_Bagira:
Mama, la nne umelipita mbio.

Mama_Shirika:
Sijalipita. Ng'ombe wa mahari walitoka kwa wake wote wawili, wazee walikaa, watoto wana jina lake. Sisemi ndoa ya wake wawili ni sawa. Nasema kuiita uasherati mbele ya mjane ni ukatili.

Katekista_Ibanda:
Kanisa Katoliki halijalegeza. Kanuni ya 1148 inasema anayebatizwa abaki na mke mmoja, lakini wanaoachwa watunzwe kwa haki. Waanglikana, kwenye mkutano wa maaskofu wao wa Lambeth wa 1988, walikubali kumbatiza mwenye wake wengi pamoja na wake zake na watoto, bila kumlazimisha kuwafukuza, mradi aahidi kutoongeza mwingine na waamini wa pale waridhie. Unaona, hata maaskofu wameligeuza jambo hili pande zote.

Mjukuu_Walungu:
Asanteni. Padri paroko nitamwona kesho. Kwenye misa, bibi mdogo akae wapi?

Mama_Shirika:
Mbele, pamoja na bibi mkubwa. Hilo usimwulize mtu. Na baba mdogo aende akamwombe radhi, asiende mikono mitupu. Kitenge kinatosha.

Mjukuu_Walungu:
Kitenge nitanunua mimi. Yeye atasema mshahara haujatoka.