Mwombaji wa bima ya maisha anakwenda Sudan: nimkatae, nimwongezee ada au nimwahirishe?

Mpimaji Mchanga:
Wakuu, habari za kazi. Nipo kitengo cha kupima maombi ya bima ya maisha, bado mgeni. Nina faili linaninyima raha. Mwanamume wa miaka 38, mhandisi wa maji, anaomba bima ya miaka 20. Uzito wa kawaida, shinikizo la damu 148/94. Kotinini (mabaki ya nikotini mwilini) kwenye mkojo imesoma juu ingawa fomu inasema havuti. Wakala anadai ni moshi wa wenzake kazini. Hayo naona madogo. Shida ni kwamba mwezi ujao anakwenda Sudan kwa miezi sita na shirika la misaada. Kila nikifungua habari ni mizinga na droni. Bosi anasema kataa tulale. Mimi naona tunamwonea. Nyie mngefanyaje?

Kalamu Nyekundu:
Bosi yuko sahihi. Vita vile vilianza 15 Aprili 2023, na nani anajua vitaisha lini? Kataa, funga faili.

Mama Hesabu:
Kalamu, unatupa mkataba wa miaka 20 kwa ajili ya miezi sita? Ndiyo maana mawakala wanatuchukia.

Mwanangu Mchanga, mimi Sudan hainitishi kama hiyo kotinini unayoipita haraka. Moshi wa jirani huacha kiasi kidogo sana, chini ya kiwango ambacho maabara humhesabu mtu kuwa mvutaji. Ikisoma juu kweli, ama anavuta, ama anatumia bidhaa nyingine ya nikotini, hata zile pipi za kutafuna za kuacha sigara. Muulize yeye, siyo wakala. Wakala analipwa kamisheni mkataba ukipita. Halafu 148/94 ya siku moja haitoshi, wengine hupanda wakiona tu koti jeupe. Omba vipimo vya siku nyingine. Sigara na presha atatembea navyo miaka yote 20.

Mpimaji Mchanga:
Shikamoo mama, nimekuelewa. Lakini vita siwezi kuvifumbia macho, kwenye TV vipo kila siku.

Mzee wa Mafaili:
Usivifumbie macho, ila usivipime kwa TV. Kuna swali moja la kujiuliza: tukio hili linamuua nani, na huyo mtu tunaye vitabuni, yaani ni mteja wetu? WHO ilipotangaza janga la UVIKO-19 tarehe 11 Machi 2020, maombi mengi yalisimamishwa kwa hofu. Ugonjwa ukaua zaidi wazee, na wengi wa umri huo hawana bima kubwa za maisha. Mafua ya 1918 yalikuwa kinyume: yaliwafagia watu wa miaka 20 hadi 40, wale wale wanaolea watoto na kukata bima. Yote mawili ni majanga, ila kwenye vitabu vyetu ni mambo tofauti kabisa.

Sasa mtu wako. "Sudan" siyo jibu. Anakaa mji gani? Atavuka maeneo ya mapigano au atakuwa ofisini? Nani anamtoa hali ikiharibika? Mwajiri amemkatia bima yake? Kisha soma kipengele cha vita kwenye mkataba wenu. Mikataba mingi humtenganisha anayeshiriki mapigano na raia aliyekutwa nayo. Wako ukoje?

Kalamu Nyekundu:
Sawa mzee, nalegeza. Lakini hamjauliza kiasi cha bima. Ameomba bima lini, kabla au baada ya kupata safari? Anayekimbilia bima kubwa akiwa na tiketi mkononi anajua kitu ambacho sisi hatukijui. Linganisha na kipato chake. Na je, wenzake wangapi wa shirika hilo wameomba kwetu?

Mama Hesabu:
Hilo la mwisho ni zito kuliko lote. Tarehe 11 Septemba 2001, kwenye mashambulizi ya New York, kampuni moja tu, Cantor Fitzgerald, ilipoteza wafanyakazi 658 ndani ya jengo moja. Ukiwapima mmoja mmoja, huenda wengi wao walikuwa waombaji safi. Hatari ilikuwa kwamba wote walikaa paa moja. Kama wahandisi 15 wa shirika hili watalala nyumba moja, ongea na watu wa bima mtawanyo, wale wanaobeba sehemu ya hatari zetu, kabla hujasaini.

Mpimaji Mchanga:
Kiasi ni mara nane ya mshahara wa mwaka, na aliomba kabla ya safari kuthibitishwa. Barua ya shirika ina tarehe ya baadaye. Kuhusu wenzake sijui, nitauliza. Kwa hiyo niahirishe?

Mzee wa Mafaili:
Mimi ningempa njia mbili achague. Aanze sasa kwa ada ya mvutaji kama kotinini itathibitika, pamoja na ama ada ya ziada ya muda tu inayoondoka akirudi, ama sharti kwamba kifo cha vita kisilipwe katika miezi hiyo sita. Njia ya pili, asubiri hadi arudi.

Akichagua kusubiri, barua iseme wazi "tumeahirisha", na tarehe ya kufungua tena faili. Akisoma vibaya akadhani amekataliwa, fomu ya kampuni nyingine itamuuliza kama amewahi kukataliwa bima, naye atajibu ndiyo. Huko mpimaji mwenzetu ataanza kumtafuta mgonjwa asiyekuwepo.