Tupeane uzoefu: mdudu wa kuchimba aliyekuliza, shambani au stoo

Mgogo wa Bahi: Mbukwenyi wandugu. Leo nimepita kwa jirani mtama wake majani ya nje kijani kabisa ila lile la katikati limekauka, ukilivuta linachomoka lenyewe. Nikakumbuka 2022, sikuvuna hata cha togwa. Nyie mdudu gani aliwaliza?

Chilonwa Boy: Bungua huyo. Pasua bua utamkuta.

Mama Alizeti: Si lazima. Mtama ukiwa bado mchanga mara nyingi ni inzi wa mtama. Nusa kitako cha hilo jani, kikinuka uozo na kuna kifunza cheupe hakina miguu, ni inzi. Bungua ana miguu, kichwa cha kahawia, na kwenye tundu la bua anaacha ungaunga.

Chilonwa Boy: Kwa hiyo mimi nimezaliwa lami?

Mama Alizeti: Sijui ulipozaliwa, nimesema nusa.

Dada Kibaigwa: Acheni mtama niwape ya stoo. Tulikopa kikoba tukanunua mahindi wakati wa mavuno bei iko chini tukasema tutatoa Januari, duka moja wakatuuzia dawa ya unga tukachanganya vilevile walivyoelekeza, kumbe feki, Desemba naingia nasikia krr krr krr, nashika gunia nilivute likaja jepesi mpaka nikayumba, unga ukanimwagikia miguuni, punje zimebaki maganda. Dumuzi. Mpaka miti ya kichanja alitoboa! Mume wangu kasimama mlangoni ananiuliza hela za watu tunalipaje, nikakosa la kusema.

Zabibu Tamu: Uwiii pole dada. Kikoba waliwasamehe?

Dada Kibaigwa: Thubutu! Walibeba cherehani.

Zabibu Tamu: CHEREHANI???

Babu Igunga: Huku kwetu Tabora ndiko dumuzi alikoanzia hapa nchini, tukamwita Skania. Msimchanganye na fukusi, fukusi ana mdomo mrefu, dumuzi kichwa kimeinama ukimtazama kwa juu hukioni. Pukuchua, anika yakauke kweli, weka mifuko ya kinga njaa, ile ya tabaka tabaka isiyopitisha hewa, funga kila tabaka peke yake.

Mpwapwa Juu: Majivu na mwarobaini tu, bure.

Babu Igunga: Majivu kwa dumuzi? Utamnogeshea.

Hombolo 1: Mie mchwa. Mahindi yamekauka yanasubiri kuvunwa, anakata shina chini, asubuhi yote yamelala. Vuna mapema.

Mpwapwa Juu: Au fuga kuku 😂

Chilonwa Boy: Dada, hiyo cherehani ya umeme au ya miguu?

Mama Alizeti: Wewe kanuse mtama.