Kuvuta karavani kaskazini mwa Scotland: mizigo, barabara, gesi

Safari_Mbili
Wakuu, habari. Mimi na mke wangu tunaondoka Glasgow katikati ya Septemba, tupite Fort William na Torridon hadi Ullapool. Gari lina kilo 1,500 likiwa tupu. Karavani (nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari) ni ya watu wawili: tupu kilo 1,150, ukomo wake na mizigo 1,300. Ndoano ya gari imeandikwa ukomo wa kilo 75 za kukandamiza. Leseni zetu ni za gari dogo, za 2015. Je, tunaruhusiwa kuvuta? Mizigo ipangweje? Applecross inapitika? Na gesi tununue ipi?

FundiTela
Leseni haina shida. Tangu tarehe 16 Desemba 2021, leseni ya gari dogo ya huko inaruhusu kuvuta tela hadi kilo 3,500, ilimradi usivuke uwezo uliowekwa na mtengenezaji wa gari lako. Huo usome kwenye kibao cha mtengenezaji kilichobandikwa garini, usikisie.

Kazi iko kwenye uzito. Anayeanza hushauriwa tela lisizidi asilimia 85 ya uzito wa gari. Kwenu hiyo ni kilo 1,275, maana yake mna kilo 125 tu za mizigo, na zinaisha upesi. Hema la mlangoni peke yake laweza kufika kilo 20. Maji msisafiri nayo, lita 40 ni kilo 40, jazeni mkifika. Vyakula vya kopo viwekeni kwenye gari.

Kisha pimeni shingo, yaani uzito ambao mbele ya karavani inaweka juu ya ndoano. Inatakiwa ikandamize ndoano kwa asilimia 5 hadi 7 ya uzito wa karavani, lakini ndoano yenu inaishia 75, kwa hiyo lengeni kati ya 65 na 75. Mzani wa bafuni unatosha. Karavani ikiwa imepakiwa kila kitu, isimamisheni pahali tambarare, vuteni hendibreki, wekeni kabari kwenye magurudumu. Simamisheni kipande cha mbao juu ya mzani, kirefu kiasi cha kufikisha kichwa cha karavani kwenye kimo cha ndoano, halafu pandisheni gurudumu dogo la mbele mpaka liache ardhi. Someni.

Shingo ikiwa nyepesi, karavani itayumba mkifika mwendo. Msirekebishe kwa kujaza mzigo mbele kabisa na nyuma kabisa: mzani utasoma vizuri, lakini ikianza kuyumba haitulii. Vizito vikae chini, juu ya ekseli. Ikiyumba, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, usikanyage breki kwa nguvu, na usijaribu kuongeza mwendo.

Waya wa usalama wa breki ufungwe kwenye tundu lake maalumu. Ukiuzungusha tu kwenye ndoano unaweza kuchomoka, na karavani ikikatika haitafunga breki.

Bi_Nyanda
Applecross kwa njia ya Bealach na Bà, hapana. Inapanda hadi mita 626 kwa kona kali na njia ni ya upana wa gari moja. Kibao cha chini kinashauri karavani zisipite. Mkiitamani sana, acheni karavani kambini mwende na gari tupu. Barabara ya B869 ya pwani baada ya Lochinver nayo iacheni.

Barabara ya A82 kati ya Tarbet na Inverarnan ni nyembamba, mwamba upande mmoja na ziwa upande wa pili. Punguzeni mwendo kabla ya basi kuwafikia. Ukomo wenu ni maili 50 kwa saa barabara za kawaida, 60 zile zilizotenganishwa katikati.

Kwenye njia ya gari moja, kituo cha kupishana kikiwa kushoto ingieni. Kikiwa kulia, simameni mkabala nacho. Foleni ikijikusanya nyuma, ipisheni. Msilale kwenye vituo hivyo hata usiku mmoja.

FundiTela
Gesi: propani. Butani hukaribia kugoma joto likishuka kwenye nyuzi 0, propani inaendelea hadi chini ya 40 hasi. Msizibe matundu ya sakafuni. Gesi ikivuja hushuka, na hapo ndipo inapotokea.

Umeme wa kambi ukiwa ampea 10 ni wati 2,300. Birika la wati 2,000 pamoja na hita ya 1,000 vitakata swichi. Chomekeni waya kwenye karavani kwanza, nguzoni mwisho, na uwe umekunjuliwa wote. Ukibaki umeviringwa hupata moto.

Safari_Mbili
Asanteni sana. Na kurudi nyuma kambini?

Bi_Nyanda
Shika usukani chini kabisa: mkono ukienda kushoto, mkia wa karavani nao huenda kushoto. Sogeza kidogo kidogo. Mkeo asimame unapomwona kwenye kioo, na mkubaliane kabla: usipomwona, simama papo hapo. Miguu ya kona iteremsheni mwisho, baada ya kusawazisha kwa ubao chini ya gurudumu. Miguu hiyo si jeki, inapinda.