Ushauri: nimepewa meza ya kuwaonesha watoto roketi kwenye mashindano ya roboti

Mzaramo_Ohio: Wakuu, habari za leo. Niko huku Marekani na starehe yangu ni kurusha roketi ndogo, zile za karatasi ngumu zenye injini ya baruti. Shule ya binti yangu itaandaa mashindano ya FIRST LEGO League, yale ya watoto kuunda roboti za LEGO, nami nimejitolea, nikapewa meza kwenye kona ya ukumbi. Watoto wengi ni wa miaka 6 hadi 10, watapita kati ya mechi na mechi. Nawaza kupanga roketi zangu mezani, nieleze injini, kisha jioni nirushe moja pale nje. Mke wangu anasema watoto watanikimbia. Mnaonaje?

Fundi Bati: Shemeji kasema kweli. Mtoto katoka kuendesha roboti aliyoiunda mwenyewe, halafu wewe unampa vitu vya kutazama bila kugusa? Wape roketi ya mrija. Kipande cha karatasi unakizungusha kwenye penseli, unabana kwa selotepu, unachomoa penseli, ncha moja unaikunja na kuiziba. Bandika mapezi nyuma, vika kwenye mrija wa soda, puliza. Inavuka ukumbi.

Mama Kulwa: Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu, hiyo naifanya sana. Kila mtoto mrija wake, ameuandika jina, la sivyo mafua yatazunguka shule nzima. Weka mstari sakafuni, wote wapulize upande mmoja, na mtu asisimame mbele.

Mzaramo_Ohio: Asanteni sana. Sasa sayansi nitaiingizaje?

Fundi Bati: Usihubiri. Mwambie mmoja ang'oe mapezi yote arushe tena: itapinduka-pinduka hewani kama jani. Mwingine aongeze selotepu kidogo puani, uzito uje mbele, aone inavyonyooka. Kila mmoja abadilishe kitu kimoja tu, apime. Watoto wa roboti wameshazoea kujaribu na kurekebisha.

Kiberiti Kikavu: Ile ya jioni ifute. Kanuni za usalama za chama cha roketi cha huko, NAR, zinataka hata injini ndogo ya daraja A irushwe kwenye uwanja wenye upana usiopungua mita 30, ya daraja C, yenye nguvu zaidi, mita 120. Watu wakae mita 5 nyuma, upepo usizidi kilomita 32 kwa saa, na ikigoma kuwaka unasubiri sekunde 60 kabla ya kuisogelea. Utayatimizaje hayo kwenye maegesho yaliyojaa magari? Injini nzima usiingize shuleni kabisa. Beba ganda lililokwisha kuungua, waoneshe maandishi yake. Tuseme A8-3: A ni nguvu yote kwa jumla, haizidi newton-sekunde 2.5 (yaani msukumo mara muda wa kuwaka), 8 ni wastani wa msukumo kwa newton, 3 ni sekunde za kusubiri baada ya moto kuisha, ndipo mwavuli usukumwe nje.

Nyangumi wa Pemba: Mkuu Kiberiti, usimkatishe tamaa kiasi hicho. Moto nao una utamu wake, mtoto akiuona anaota roketi usiku kucha. Tafuta klabu yenye uwanja wake, wazazi uwape karatasi yenye tarehe ya siku ya kurusha.

Kiberiti Kikavu: Hapo sina ubishi.

Mama Kulwa: Na selotepu ikate mapema, vipande ubandike ukingoni mwa meza. Ukiwaachia wakate wenyewe, foleni itafika mlangoni.