Naomba ushauri kuhusu vipimo vya tezi ya shingoni: TSH ya mama iko juu, lakini T4 iko kawaida

Habari za jioni wakuu. Mama yangu ana miaka 58, tunaishi Moshi. Tangu Machi anachoka hata akifagia uwanja tu, choo kigumu, na anajifunika kanga mbili mchana wa jua kali. Mama huyu alikuwa anapanda mlima na mkungu wa ndizi kichwani bila kupumzika! Inaniuma kumwona hivi.

Majibu ya damu: TSH 9.1 (kawaida 0.4 hadi 4.0), T4 huru, yaani homoni inayotengenezwa na tezi ya shingoni, 13 (kawaida 12 hadi 22). Ninavyoelewa, TSH ni homoni inayotoka chini ya ubongo kuisukuma tezi ya shingoni ifanye kazi, kwa hiyo ikipanda ina maana tezi inazembea. Sasa mbona T4 bado imo ndani ya kiwango cha kawaida?

Daktari alikuwa na foleni ndefu, akaandika levothyroxine (dawa ya kufidia homoni ya tezi) mikrogramu 50 kila asubuhi kabla ya kula. Hatujaanza. Turudie kipimo kwanza? Kile cha kingamwili za tezi kina umuhimu? Pia anameza vidonge vya kalsiamu, nasikia vinazuia dawa hii isifyonzwe. Vipishane saa ngapi?

Bibi mzaa mama alikuwa na rovu, kama inasaidia. Waliopitia hili, tafadhali.