Mume wangu kasoma mswada wa riwaya yangu, anasema niitoe akishakufa. Naombeni ushauri

Mama Uluguru (mleta uzi)

Habari za jioni wapendwa. Humu najua kuna waandishi, kuna wasomaji, na kuna watu waliokaa kwenye ndoa miaka mingi, kwa hiyo naleta jambo langu nikitegemea mawazo ya pande zote.

Nina miaka 49, ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro, na naandika. Zamani nilitoa vijitabu vya watoto, ila safari hii nimeandika riwaya ya watu wazima, na kwa mara ya kwanza naisoma kazi yangu naona kweli nimeandika. Inahusu mwanamke ambaye mumewe anapunguzwa kazi kiwandani na nyumba inaingia kimya.

Ndiyo, yalitukuta. Mwenzangu alipunguzwa watoto wakiwa shule ya msingi. Kiinua mgongo kikaishia kwenye ada na mabati. Hakunipiga, hakulewa, hakwenda nje. Alinyamaza tu, na kile kimya kikakaa ndani miaka. Mimi nikawa nikitoka shuleni naloweka mchele wa vitumbua, alfajiri nachoma kabla ya kwenda kufundisha. Sasa hivi ana karakana yake ya kuchomelea mageti, anacheka, na ni mtu ninayempenda. Naomba hilo lieleweke, maana sijaja kumsema.

Nilimpa mswada asome kabla ya mtu mwingine yeyote nje ya kikundi chetu. Aliusoma usiku kucha. Asubuhi akaniambia, "Ni kizuri. Kitoe nikishakufa." Akavaa, akaenda karakana. Tangu siku hiyo hatujalizungumzia.

Kikundi chetu tuko wanawake wanne, wote tumevuka 45, tunakutana Jumamosi kwa mwenzetu Kihonda. Mwanzoni tulikuwa tunasomeana kurasa na kusahihishana lugha. Siku hizi tunaongea mambo ambayo zamani tusingethubutu: nani bado anamtamani mumewe, nani alishaacha, nani anaandika ili asilie. Nilipowaeleza hili wakagawanyika. Mmoja aliachika akiwa na miaka 40, akasema vitu vyake vizuri vyote kaviandika baada ya kubaki peke yake, na kwamba mwanamke mwandishi aliyeolewa siku zote anaandika kwa mkono mmoja. Mwingine ni mjane. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Mwenzenu sina wa kunizuia, meza nzima ni yangu, na siandiki. Nilikuwa naandika kumkwepa. Sasa namkwepa nani?" Neno lake halijanitoka.

Nilikuwa nimepanga kuupeleka kwenye Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, upande wa riwaya. Usingizi sipati. Naamka saa nane za usiku nimelowa jasho, na nikikaa kuandika, maneno ninayoyajua yananikimbia.

Niutoe au niufungie kabatini? Natanguliza shukrani.

Binti Chumbageni

Dada, pole na hongera, vyote kwa pamoja. Mimi nasema toa.

Nikisikia mume anasema "kitoe nikishakufa", namkumbuka Buchi Emecheta, yule Mnigeria aliyeishi London. Mumewe alichoma moto mswada wa riwaya yake ya kwanza. Aliondoka na watoto watano, akaja kuiandika tena upya, ikatoka 1976. Najua mumeo hajachoma kitu. Lakini kitabu kinachosubiri kifo cha mtu nacho kimewekwa mahali ambapo hakisomeki. Na nani kasema yeye ndiye atatangulia?

Wanaume wanaandika habari za wake zao na mama zao tangu zamani, sijasikia wakiomba ruhusa.

Fundi wa Zamani

Mleta uzi, mimi ni mwanaume, nina miaka 61, na mimi nilipunguzwa kazi. Naomba nikwambie kitu ambacho pengine mumeo hawezi kukitamka.

Kinachouma siyo njaa. Njaa mnaigawana. Kinachouma ni saa nne asubuhi. Saa nne mtaani hakuna mwanaume. Kuna akina mama, watoto wadogo, wagonjwa na wewe. Jirani anapita anakusalimia vizuri kabisa, "Leo hujaenda?" Hajakosea kitu, ila ukishaulizwa hivyo mara ya tatu unaanza kujifungia ndani, au unaondoka asubuhi usionekane. Mtu aliyepita huko akaja akasimama tena, anaona amepona, na hataki mtu amfungue kidonda.

Pamoja na hayo sisemi uufungie. Nasema umuulize. Amesoma usiku mzima na amekwambia ni kizuri, huyo siyo adui wa kazi yako. Muulize ukurasa gani. Katika kitabu kizima hakiumi chote, kuna mahali pamoja. Unapajua?

Wakili wa Mtaa

Kwa ufupi upande wa sheria. Mswada ni wako. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, haki inaanza pale unapoandika, na ndoa haimpi mume haki ya mtunzi. Ila usidhani kubadilisha jina na mji kunamficha mtu. Kama mtaa mzima ukisoma utasema "huyu si fulani wa mageti?", basi hujamficha. Kisheria na kiungwana, angalia vile vitu vinavyomtambulisha: kazi, umri, idadi ya watoto, ulemavu, misemo yake. Mume wa kwenye kitabu siyo lazima awe wa kiwandani.

Nesi Mwandamizi

Wengine wataongea ya ndoa, mimi nimesoma ile sentensi ya usiku. Miaka 49, kuamka umelowa jasho, maneno kupotea. Mama, hiyo inaweza kuwa njia ya kuelekea ukomo wa hedhi. Kwa wengi unakuja kati ya miaka 45 na 55, na miaka kadhaa kabla yake homoni zinapanda na kushuka, usingizi unakatika, hasira zinakuja juu, na unasimama mbele ya wanafunzi jina la kitu limeyeyuka. Nimewaona wanawake wenye akili kali wakiamini wamekwisha, au wakiamini waume zao ndio wamewakausha, kumbe mwili unabadilika.

Nenda kliniki, wakupime presha na damu, na tezi ya shingoni pia waiangalie, maana nayo ikisumbua huleta dalili za kufanana na hizo. Zipo tiba, usiambiwe "ni umri, vumilia". Na uamuzi wowote mkubwa kuhusu mume au kitabu, usiufanye saa nane usiku.

Mama Uluguru

Asanteni sana. Nesi, nitakwenda, na nimewatumia wenzangu wa kikundi bandiko lako, wawili wamesema "mbona ni mimi huyu".

Fundi wa Zamani, swali lako nilikaa nalo mchana kutwa. Nafikiri napajua.

Baada ya kupunguzwa, mume wangu aliendelea kuamka saa kumi na moja, anaoga, anavaa shati la kazini, la kaki, anatoka. Aliniambia kuna mahali anafuatilia kazi. Haukupita muda, mwalimu mwenzangu akaniambia kwamba anamwona stendi ya Msamvu, amekaa kwenye benchi toka asubuhi, anarudia gazeti lile lile. Sikumwambia kitu. Kila jioni nililifua lile shati, nikalianika karibu na jiko la mkaa likauke, alfajiri nikalipiga pasi. Kola ilipoanza kulika niliifumua, nikaigeuza, nikaishona upya ili ule upande mzima uwe juu. Akavaa, akaenda kukaa kwenye benchi.

Kwenye riwaya hiyo ni sura ya saba, na ndiyo sura bora kuliko zote. Wenzangu wote watatu walilia.

Miaka yote hiyo hakujua kwamba ninajua. Amejulia humo.

Bi Mkubwa wa Kisauni

Dadangu, sasa nimekuelewa. Mie ni mtunzi, nipo Mombasa, umri 56, ndoa moja nimeitoka na ya pili nimo. Nakuandikia hili kwa mapenzi.

Hapo mbele watu wanajadili kama mtaa utasoma. Mumeo hakusema chochote kuhusu mtaa. Yeye ameipata siri yenu ya ndani kwenye karatasi zilizopigwa chapa, tena baada ya wanawake watatu wa Kihonda kuisikia na kuililia. Hilo la kufa kwanza nalisikia kama mtu anayeomba muda.

Kwani kuandika habari za mume aliyekufa ni jambo geni? Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi wake mwaka 1858, mgonjwa, mume kashafariki, akimwachia bintiye wosia. Akaisema ndoa yake mwenyewe humo ndani, na mpaka leo twaisoma. Alikuwa na wakati wa kusema, kwa sababu wa kumjibu hayupo. Wewe wa kukujibu yupo, na hiyo ni neema, japo kazi inakuwa nzito zaidi.

Na mtazame Mariama Bâ wa Senegali. Kitabu chake cha kwanza, kile tulichotafsiriwa kama *Barua Ndefu Kama Hii*, kilitoka 1979 akiwa na miaka 50. Yeye alikuwa ameachana na mumewe. Msimulizi wake akamfanya mjane. Alilihamisha jeraha lake, akaliweka kwenye mwili wa mwanamke mwingine, na halikupungua ukali. Kwa hiyo Wakili ana haki, vitu vinahamishika. Ila kuhamisha ni kazi ya baadaye.

Kwanza nenda ukaongee naye. Usiende na mswada mkononi, na usimsomee. Mwambie kwa mdomo: nilijua. Mwambie kwa nini ulinyamaza. Kisha msikilize, hata kama anachosema kitaiharibu sura yako nzuri.

La mwisho. Katika hiyo sura ya saba, huyo mwanamke anayegeuza kola, umemwandika kama mtu mwema tu? Kwa sababu mie nasoma na kuona wawili wamenyamaza. Ikiwa kitabu kinamhesabu mmoja peke yake, basi hakijaisha.

Binti Chumbageni

Bi Mkubwa nakuheshimu, ila hapo kwenye kimya cha wawili nakataa. Kuipiga pasi ile nguo ilikuwa njia yake ya kusema. Angemwambia "nimesikia unakaa stendi", mwanaume yule angekwenda wapi asubuhi inayofuata? Alimwachia mahali pa kwenda. Mimi hilo sitaliita kuficha.

Fundi wa Zamani

Binti, ni kweli, na Bi Mkubwa naye ni kweli. Mimi mke wangu aliniambia. Nilimchukia mwezi mzima, halafu tukaanza kutafuta kazi wawili. Sijui kipi ni bora. Najua tu kwamba mwanaume akigundua baadaye, anairudia miaka yote upya kichwani, kila asubuhi, anajiuliza mke wake alikuwa anamtazamaje. Mpe mumeo muda wa kuirudia hiyo miaka.

Mama Uluguru

Nimerudi na mrejesho. Kliniki nimekwenda, presha iko juu kidogo, nimeanzishiwa utaratibu, na daktari amekubaliana na Nesi.

Mume wangu nilimfuata karakana jioni, vijana wake wakiwa wameshaondoka. Nilimwambia kama Bi Mkubwa alivyosema, kwa mdomo. Aliendelea kupanga vyuma. Kisha akasema kola aliiona. Aliuona mshono siku ile ile, akadhani nimeigeuza ili awe nadhifu anakokwenda kuomba kazi, na kwamba siku hiyo aliona aibu kurudi stendi, akatembea kwa miguu mpaka Bigwa kuomba kibarua cha bustani. Alikipata. Hela akawa anaitia kidogo kidogo kwenye kopo langu la vitumbua. Nakumbuka lile kopo. Nilikuwa nadhani nakosea hesabu.

Hivyo riwaya yangu ina mtu aliyekaa kwenye benchi tu, na mume wangu hakukaa kwenye benchi tu. Nisingeyajua haya kwa kuandika peke yangu, na nawashukuru ninyi mlionisukuma kuuliza.

Hajakubali. Nilipomuuliza moja kwa moja, alisema, "Kama utaandika, andika sawasawa, halafu tutaona." Mwaka huu sitaupeleka kwenye tuzo. Sura ya saba naiandika upya, mume wa kwenye kitabu nimemtoa kiwandani nikamweka reli, na huyo mwanamke sasa namhoji vikali kuliko mwanzo. Binti Chumbageni, nimekuelewa pia, pasi itabaki.

Ila kuna jipya. Sasa anaulizia mswada kila jioni, anataka kusoma ninachoandika siku hiyo hiyo. Mwenzetu aliyeachika kaniambia nisithubutu, kwamba nitaanza kuandika vya kumpendeza. Mjane wetu kasema, "Mpe, mpe, mpe." Wenye wenza wanaosoma kazi zenu: mnawapa ukurasa ukiwa bado mbichi, au mnasubiri sura iishe? Na akisema jambo halikuwa hivyo, lakini wewe kwenye kumbukumbu yako unaliona lilikuwa hivyo, mnaandika la nani?