The Simpsons: makasha ya DVD au Disney+?

Mtoro_Mjini
Wakuu, salaam. Nataka kuanza The Simpsons, ile katuni ya Marekani, tangu mwanzo kabisa. Kuna ndugu anakuja mwisho wa mwezi, anaweza kunibebea makasha ya DVD. Ila wengine wanasema nilipie Disney+ tu, ile huduma ya kutazama kwa intaneti, vipindi vyote viko pale na hakuna cha kubeba. Kipi bora? Jibu la haraka tafadhali, anafunga begi wiki hii.

FundiDeki
Anatoka wapi? Anakuja wapi? Deki yako ni gani, na TV je, bapa au ya chogo? Unataka misimu mingapi? Umeuliza kama mtu anayempigia fundi simu, anasema "gari haliwaki", halafu anakata.

Njano742
DVD, wala usiulize mara mbili. Kuanzia msimu wa 1 hadi wa 19 kila sehemu ina njia ya pili ya sauti, waandishi na waongozaji wakiongea juu ya picha: kwa nini kichekesho hiki kilikatwa, nani aliandika mstari ule. Unajua kwamba sehemu iliyokusudiwa kuwa ya kwanza kabisa ilirudi kutoka kwa wachoraji ikiwa mbovu, ikachorwa upya sehemu kubwa, ikasogezwa hadi mwisho wa msimu, Mei 1990? Ndiyo maana katuni ilifunguliwa na ile ya Krismasi, tarehe 17 Desemba 1989. Mambo kama haya unayapata kwenye makasha. Disney+ hawana sauti hiyo.

BintiMutrah
Njano, mwambie na upande wa pili basi. Makasha yaliishia msimu wa 20. Na hata hayo yalitoka shaghalabaghala: wa 20 uliwahi kutoka Januari 2010, bila ile sauti ya waandishi, wa 18 ukaja 2017 na wa 19 ukaja 2019. Baada ya hapo kimya. Katuni imeshapita sehemu 750 na bado inaendelea. Anayetegemea DVD anaishia 2009. Mimi natazama Disney+, nabonyeza rimoti, basi.

Mzee_Kasha
Kabla hujabonyeza, mwulize BintiMutrah kama anatazama picha nzima.

The Simpsons ilitengenezwa kwa umbo la 4:3, lile la TV za zamani, hadi Februari 2009. Disney+ ilipofunguliwa Marekani tarehe 12 Novemba 2019, sehemu zote za zamani ziliwekwa zikiwa zimepanuliwa zijaze skrini pana ya 16:9. Piga hesabu. Picha ya 4:3 ni sawa na upana wa 16 kwa kimo cha 12. Ukitaka ijaze 16 kwa 9 bila kuwafanya watu wanene, huna budi kukata vipimo 3 katika 12, yaani robo ya kimo. Robo nzima ya mchoro, juu na chini, imetupwa.

Na katuni hii inaficha vichekesho kingoni mwa picha. Mfano ambao mashabiki wote waliushikia bango: msimu wa 4, Homer, baba wa familia, na rafiki yake Barney wanatembezwa kiwanda cha bia ya Duff. Kuna matangi matatu: la kwanza limeandikwa Duff, la pili Duff Lite, la tatu Duff Dry. Juu yake kuna bomba moja linaloyajaza yote matatu. Kichekesho chote ni lile bomba. Sasa bomba liko juu, na juu kumekatwa. Unabaki unaangalia matangi matatu na watu wawili, unajiuliza mbona hakuna cha kuchekesha.

Malalamiko yalidumu zaidi ya miezi sita. Tarehe 28 Mei 2020 ndipo wakaweka chaguo la kurudisha 4:3.

BintiMutrah
Na umelitaja mwenyewe, Mzee wangu: waliliweka! Fungua ukurasa wa The Simpsons, shuka hadi kwenye maelezo, zima swichi ya umbo la picha lililorekebishwa. Picha nzima inarudi, na mistari miwili myeusi pembeni. Ni kazi ya dakika moja. Mnapigana vita iliyokwisha 2020.

Mzee_Kasha
Kwa anayejua swichi ipo. Asiyejua ataangalia iliyokatwa miaka yote na kusema katuni imechuja.

Mtoro_Mjini
Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Ndugu anatoka Minneapolis, mimi niko Mwanza. TV ni bapa, inchi 43. Deki ni ya hapa hapa, ya zamani kidogo, nimeiunganisha kwa zile nyaya tatu nyekundu, nyeupe na njano.

FundiDeki
Sasa ndiyo umeleta habari. Ona ulivyotuzungusha.

Kwanza Disney+ iondoe kwenye meza. Oman alipo BintiMutrah ilifika Juni 2022, Afrika Kusini Mei 2022. Tanzania hawajafungua. Na hata ingekuwepo, HD wanapendekeza kasi ya megabiti 5 kwa sekunde. Ukivuta hizo saa nzima ni GB 2.25. Sehemu moja ya dakika 22 ni kama GB 0.8. Zidisha kwa bando lako.

Pili, DVD hufungwa kwa kanda za dunia, na za Marekani ni kanda ya 1. Tanzania na Kenya tuko kanda ya 5, Oman na Afrika Kusini kanda ya 2. Deki iliyofungwa kanda ya 5 itakutolea ujumbe wa kanda na kuitema diski. Lakini deki nyingi za bei nafuu zinazouzwa kwetu zinakubali kanda zote. Angalia stika ya nyuma: ukiona picha ya dunia yenye neno ALL au tarakimu 0, umepona. Ikiwa na 5, nyingi hufunguka kwa rimoti: toa trei, bonyeza tarakimu za siri za modeli hiyo, menyu ya fundi inatokea, badilisha kanda iwe 0 au 9. Tarakimu hutofautiana kwa kila modeli, kwa hiyo usibahatishe. Unaweza kuharibu mipangilio mingine.

Tatu, mfumo wa picha ya TV: diski za Marekani ni NTSC, mistari 480. Kwetu ni PAL, 576. TV bapa karibu zote zinapokea vyote viwili. Ila ukiona picha ya rangi nyeusi na nyeupe, au inapanda juu bila kutulia, ingia kwenye mipangilio ya deki, toa PAL, weka AUTO au NTSC.

Njano742
Ongeza na umbo la picha hapo, fundi. Wengi wananunua DVD kukwepa kukatwa, halafu TV yao inamvuta Homer hadi awe mpana kama kiti.

FundiDeki
Kweli, nilisahau. Kwa nyaya tatu: deki iweke 16:9, TV iweke 4:3. Usitumie Zoom, inakata kama ile ya 2019. Ukifika msimu wa 20 ujue uko nusu nusu: sehemu 9 za kwanza ni 4:3, kuanzia ya 10 ni pana. Hapo rudisha TV kwenye 16:9, la sivyo utaona watu wembamba kama mishumaa.

Chalii_wa_Sakina
Kwani kompyuta haisomi? Mbona mnamtesa na deki.

FundiDeki
Inasoma. Lakini kisomeo cha diski cha kompyuta hukuruhusu kubadili kanda mara 5 tu, ya tano ndiyo ya kudumu. Watu hubadilisha huku na huku kujaribu, wanakwama kwenye kanda wasiyoitaka. Jaribu kwanza na programu ya VLC bila kubadili chochote, mara nyingi inapita.

Mtoro_Mjini
Aisee. Basi alete misimu mingapi? Begi lina mwisho wake.

Njano742
Wa 3 hadi wa 8. Misimu sita, diski nne kila mmoja, jumla 24. Pia wa 3 una sehemu yenye sauti ya Michael Jackson, ile ya 1991, ambayo waliiondoa Machi 2019 na Disney+ haikuwahi kuwa nayo. Nje ya makasha ya zamani huipati kihalali.

Mzee_Kasha
Na umtahadharishe kuhusu wa 6. Kasha la kwanza, la 2005, ni kichwa cha Homer cha plastiki. Halikai rafuni, haliingii vizuri begini. Watu walilalamika hadi kampuni ikawapa nafasi ya kuagiza kasha la kawaida. Kuanzia wa 7 hadi wa 10 wakauza ya aina mbili, kichwa au la kawaida: Marge, Maggie, Lisa, Bart. Amwulize muuzaji kabla ya kulipa.

FundiDeki
Atoe diski, azipange kwenye mkoba wa CD, makasha aache.

Mzee_Kasha
Aache makasha?! Kijitabu cha maelezo na michoro viko humo. Diski bila kasha ni kama khanga bila maandishi.

FundiDeki
Mzee, baadhi ya hayo makasha yana mifuko ya karatasi ngumu inayobana. Ukivuta diski kwa kidole inakwaruzika. Akishindwa kabisa kuyaacha, basi abane kingo za mfuko uachame, diski iteleze yenyewe, aishike ukingoni. Ikichafuka, kitambaa laini kikavu, kutoka katikati kwenda nje, kamwe sio kwa kuzungusha.

BintiMutrah
Mwisho msimu wa 8? Njano, umeukata wa 9 makusudi.

Njano742
Makusudi kabisa. Septemba 1997 walituambia Skinner, yule mwalimu mkuu wa shule, si Skinner, ni mtu anayeitwa Armin Tamzarian aliyechukua jina la mwenzake vitani. Misimu minane umemjenga mtu, halafu unamfuta kwa dakika 22.

BintiMutrah
Sehemu moja tu! Msimu huo huo una New York, Homer akilifuata gari lake. Unachoma shamba kwa ajili ya panya mmoja.

Chalii_wa_Sakina
Tukiwa hapo, hivi Springfield, mji wao wa kwenye katuni, iko jimbo gani?

Mzee_Kasha
Hakuna jimbo. Matt Groening, aliyeibuni katuni, alisema 2012 kwamba jina alilitoa Springfield ya Oregon. Kulitoa jina huko sio kusema mji uko huko. Lakini majina ya wahusika Flanders, Lovejoy na Quimby yote ni ya barabara za Portland, Oregon, na Evergreen Terrace, mtaa wa familia ya Simpson, ndiyo barabara aliyokulia Groening.

Chalii_wa_Sakina
Basi iko Oregon.

Mzee_Kasha
Nimesema hivyo wapi?

Njano742
Na Maggie, yule mtoto mchanga, anapopitishwa kwenye mashine ya dukani kwenye utangulizi wa zamani, bei ni dola 847.63. Tangu 2009 utangulizi ulipochorwa upya, bei ya vitu ni 243.26, na akipita yeye inakuwa 486.52. Yaani mara mbili kamili. Chezea DVD polepole uone.

Mtoro_Mjini
Wakuu, stika ya nyuma ya deki imebanduka nusu. Naona "REG" halafu gundi.

FundiDeki
Piga picha uiweke hapa, na mbele pia, jina la modeli lionekane. Usibonyeze kitu kwanza.

BintiMutrah
Wakati tunasubiri picha: Njano, bado hujanijibu kuhusu New York.